Rebecca Schaeffer (1967–1989): namkumbuka yule binti, na namkumbuka karani aliyetoa anwani yake

Wakala wa Mwanga

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu, Kibondo, na nyie wa Tabora mnaotusoma mkisubiri treni.

Leo ni tarehe 18 Julai. Kibanda changu hapa Mwanga, Kigoma, huwa nakifungua kwa kuchelewa siku hii, na mwaka huu nimeona niseme sababu. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite tu, sitamlaumu.

Rebecca Schaeffer alikuwa mwanamitindo na mwigizaji wa Marekani. Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1967 huko Eugene, jimbo la Oregon, mtoto pekee wa wazazi wake. Familia ya Kiyahudi, baba mwanasaikolojia wa watoto. Alipokuwa mdogo alisema akikua atakuwa rabi, yaani kiongozi wa dini kwao. Hilo huwa linanigusa kila nikilisoma, maana watoto wa namna hiyo tunao. Mtoto anasoma vizuri madrasa pale Ujiji, au anaongoza kwaya parokiani, wazee wanasema huyu atakuwa mtu wa dini. Siku moja mtu anamwambia "wewe una sura ya picha", na njia inageukia huko.

Alianza mitindo akiwa bado shuleni. Akiwa na miaka 16 akaenda New York, wazazi wakibaki Oregon. Akafika mpaka Japani kutafuta kazi, lakini kimo kilimwangusha, wanamitindo walitakiwa wawe warefu kumzidi. Hakurudi nyumbani kulia. Akageukia uigizaji, akapata nafasi ndogo kwenye tamthilia, halafu sura yake ikatoka kwenye jalada la jarida la wasichana liitwalo Seventeen. Jalada hilo ndilo lililomfungulia mlango. Mwaka 1986 akachukuliwa kwenye kipindi cha televisheni kilichoitwa My Sister Sam, akiigiza msichana wa miaka 16 anayekwenda kuishi na dada yake mpiga picha mjini San Francisco. Dada yake kwenye kipindi alikuwa Pam Dawber. Hata nje ya kamera Rebecca aliishi kwa muda nyumbani kwa Pam na mumewe, wakamlea kama mdogo wao wa tumbo moja.

Sisi wa bara mwaka ule hatukuwa hata na kituo cha televisheni. ITV ilianza 1994. Kwa hiyo msidhani nilikuwa shabiki wake. Nilimjua miaka mingi baada ya kuzikwa, na namna nilivyomjua nitaisema hapa hapa, ila kwanza nimalize habari zake.

Alikuwa akijibu barua za mashabiki kwa mkono wake mwenyewe. Kijana mmoja wa Tucson, jimbo la Arizona, alimwandikia, naye akamjibu kwa maneno ya upole, kama ambavyo binti yeyote aliyelelewa vizuri angejibu. Kijana yule akaona jibu lile ni ahadi. Jina lake silitaji. Limetajwa vya kutosha, na lake hutajwa mara nyingi kuliko la marehemu.

Mwaka 1987 alikwenda mpaka kwenye studio alikofanyia kazi Rebecca, amebeba maua na mwanasesere wa dubu. Walinzi wakamrudisha. Akaenda tena, safari hii na kisu. Walinzi wakamrudisha tena. Geti lilifanya kazi yake, wakuu. Naomba mliweke hilo kichwani.

Mwaka 1989 akaiona filamu moja ambayo Rebecca alionekana kitandani na mwanamume. Ni uigizaji tu, kazi. Yeye akaona amesalitiwa. Akamtafuta mpelelezi binafsi pale Tucson, akalipa dola 250. Ofisi ile ikapata anwani ya nyumbani kwa Rebecca kutoka idara ya California inayotoa leseni za udereva. Kwa sheria ya wakati ule, yeyote aliyelipa ada na kujaza fomu angeweza kupewa anwani ya mwenye leseni. Kuna karani mahali fulani aliyefungua faili, akaisoma anwani ile, akaitoa, akaendelea na mteja mwingine.

Kijana akapanda basi mpaka Los Angeles. Akazunguka mtaani na picha ya Rebecca mkononi akiuliza watu kama wanaijua nyumba yake. Tarehe 18 Julai 1989 asubuhi akabonyeza kengele. Simu ya mlangoni ilikuwa mbovu, kwa hiyo Rebecca akashuka mwenyewe. Siku hiyo alikuwa akisubiri kuletewa mswada, maana alikuwa ameitwa na mwongozaji Francis Ford Coppola kujaribiwa kwa ajili ya sehemu ya tatu ya filamu ya The Godfather. Alimkuta kijana, wakaongea kidogo, akampa mkono, akamwomba asirudi tena. Kijana akaondoka, akaenda mkahawani akala. Baada ya muda si mrefu akarudi. Rebecca akashuka tena. Kijana akampiga risasi ya kifua pale mlangoni.

Alikuwa na miaka 21.

---

Mgebuka

Poleni kwa wote wanaoguswa. Ila kwa heshima zote mkuu, nina swali. Sisi tuna waigizaji wa kwetu. Kanumba aliondoka 7 Aprili 2012, nchi nzima ikasimama. Rachel Haule aliondoka Mei 2014 baada ya kujifungua, na sijaona anayemwandikia uzi. Kwa nini mtu wa Mwanga amlilie Mmarekani wa 1989 ambaye hata kipindi chake hatukukiona?

---

Binti wa Ujiji

Kaka Mgebuka, swali lako si baya, lakini msubiri amalize. Amesema ana sababu.

---

Wakala wa Mwanga

Ndugu yangu Mgebuka, uko sahihi kuuliza. Rachel Haule namkumbuka, na msiba wa Kanumba niliusikiliza redioni nimekaa hapa hapa. Sababu yangu ni nyingine, na ni nzito kuiandika.

Mimi ni wakala wa kutoa na kuweka fedha tangu biashara hii ilipoanza kushika hapa mjini. Wanaoikumbuka miaka ile wanajua kulikuwa na daftari. Mteja akitoa hela unaandika tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, anasaini. Daftari lilikaa juu ya meza. Kila aliyekuja kusaini aliona waliosaini juu yake. Hakuna aliyeona ubaya, mimi wa kwanza.

Mwaka 2015 nilikuwa na mteja mmoja, binti wa miaka 20. Alikuwa mzuri, na alikuwa na bidii kuliko uzuri wake. Alikuwa kwenye kikundi cha maigizo, na mafundi cherehani wa hapa sokoni walimtumia kupiga picha za vitenge. Mnajua vitenge vya kwetu vinavyokuja kwa mitumbwi na maboti kutoka ng'ambo. Fundi akishona mtindo mpya, anavalishwa binti yule, picha inabandikwa mlangoni, na wiki hiyo hiyo wanawake wanakuja kusema "nishonee kama huyo". Fundi mmoja aliniambia mauzo yake yote ya Idi yalitokana na picha moja ya binti yule. Alikuwa anakusanya nauli na ada, anataka kwenda Dar kujaribu filamu.

Siku moja akaja kijana. Amevaa vizuri, mtaratibu, shikamoo ya heshima. Akanunua vocha ya elfu tano, si ya mia tano. Akasema yule binti wa picha ya kitenge ni binamu yake, yeye ameshuka na treni kutoka Tabora, simu yake imedumbukia majini, namba zote zimepotea, na shangazi yao anaumwa. Nikamhurumia. Nikafungua daftari nikamsomea namba. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kusaidia watu, nikatoka nje ya kibanda nikamwonyesha kwa kidole njia ya kupita mpaka kwenye mti uliokuwa mbele ya nyumba yao.

Akanishukuru sana. Nakumbuka niliona fahari.

Hakuwa binamu yake. Usiku ule ule alianza kumpigia. Akizuiwa namba moja anakuja na nyingine. Akawa anakaa chini ya ule mti kuanzia magharibi. Akawa anakwenda mazoezini kwao anasimama dirishani. Hakumpiga, hakumgusa. Mama wa binti alikwenda kulalamika ofisi inayohusika akaulizwa, "Amekufanyia nini? Hajakugusa, tumkamate kwa kosa gani?" Miezi minne. Binti akaacha maigizo, akaacha picha, akawa hatoki. Mwisho mama yake akamhamishia kwa ndugu, usiku, na begi moja. Wapi, sisemi.

Hakufa. Namshukuru Mungu kila siku kwamba hakufa. Lakini ile safari ya Dar haikuwepo tena.

Mpwa wangu anasoma sheria chuoni. Nilipomsimulia, hakunilaumu, alininyamazia tu. Baada ya siku mbili akanitumia habari ya Rebecca akaandika, "Mjomba, soma hii taratibu." Nilipofika pale kwa karani wa leseni niliweka simu chini. Karani yule ni mimi. Hakuwa na ubaya na Rebecca, wala hakujua atatokea nini. Alipewa karatasi na ada, akafanya kazi yake kwa uaminifu. Tofauti yangu na yake ni kwamba wa kwangu hakuwa na bastola.

Ndiyo sababu, Mgebuka.

---

Mgebuka

Mkuu, nimeelewa, na naomba radhi kwa lile swali. Huyo binti nadhani namkumbuka. Si yule aliyekuwa anakaa karibu na [ujumbe umehaririwa na aliyeuandika]

---

Wakala wa Mwanga

Ndugu yangu, nakuomba sana futa hapo. Najua hukukusudia ubaya. Mimi pia sikukusudia.

---

Mgebuka

Nimefuta. Mikono inatetemeka. Kumbe ni rahisi hivi.

---

Boda Gungu

Wakuu, nimesoma kuanzia juu nikiwa kijiweni na nimeshindwa kupokea abiria wawili.

Nina miaka 11 kwenye boda. Hilo swali la "yule dada anakaa wapi" ni swali letu la kila siku. Mtu anapanda anasema nipeleke kwa yule dada wa saluni, yule mrefu. Nampeleka. Nashusha. Napokea buku langu naondoka. Sijawahi hata siku moja kujiuliza kama yule dada anamtarajia huyu mtu. Na sisi tunawajua kina dada kuliko serikali. Tunajua anarudi saa ngapi, anarudi na nani, anapitia mlango gani mvua ikinyesha. Ukitaka kumpata mtu Gungu huna haja ya mpelelezi wa dola 250, una haja ya boda mmoja mwenye njaa.

Sijui nilishampeleka nani kwa nani. Hilo ndilo linaloniumiza sasa hivi.

---

Binti wa Ujiji

Kaka Boda, asante kwa kusema ukweli.

Mimi naigiza, si jina kubwa, vichekesho vifupi vya mtandaoni na matangazo ya maduka. Niwaambie tunavyoishi. Mtu akipata namba yako hata bila jina, anaanza kama anakutumia hela, jina lako kamili linatokea kwenye simu yake, anakatisha muamala. Hajapoteza hata shilingi, na tayari anakujua kama ulivyoandikishwa kwenye kitambulisho. Kesho anakuita barabarani kwa jina la babu yako. Unashtuka, unadhani ni ndugu. Unasimama.

Picha nikipiga nyumbani sipigi tena upande wenye ukuta wa jirani, maana kuna mtu aliitambua nyumba kwa rangi ya ukuta ule. Tangu 2022 nyumba zina vibao vya anwani za makazi, ni jambo jema, gari la wagonjwa litakupata. Ila kabla sijarusha picha naangalia kibao kama hakimo.

Hapo kwa Rebecca kilichoniliza ni kitu kimoja. Alimpa mkono. Mtu amekuja asubuhi mlangoni hujamwalika, umevaa nguo za nyumbani, na bado unampa mkono kwa sababu ulifundishwa adabu. Sisi wote tungempa mkono. Mama yangu angenigombeza nisingempa.

---

Reli ya Kati

Niko Tabora, nimeguswa pia. Lakini niseme kitu ambacho wengine hawatakipenda. Miji yetu si Los Angeles. Hapa Isevya, hapa Ng'ambo, kila mtu anajua kila mtu anakaa wapi. Siri ya anwani ni habari ya watu wa maghorofa wasiojuana. Huku ukimficha mtu nyumba ya jirani yako utaonekana mchawi. Sasa tunataka tuishi vipi?

---

Mzee wa Baraza

Wanangu, huwa nasoma tu, sichangii. Hapa nitasema.

Reli ya Kati amesema kweli nusu. Mimi nimezaliwa Ujiji na nimekaa baraza moja kwa miaka mingi kuliko umri wenu wengi. Ni kweli kila mtu alijua kila nyumba. Lakini mgeni hakuonyeshwa nyumba. Mgeni akija anauliza, "Nyumba ya fulani ipi?", wazee wanamkaribisha akae. Anapewa maji. Anaulizwa ametoka wapi, ni mtoto wa nani, na ana haja gani. Huku anaulizwa, anatumwa mtoto mdogo mbio kwa yule anayetafutwa: "Kuna mtu anakuulizia, yuko barazani kwa mzee fulani, amevaa hivi na hivi." Akitaka atakuja. Asipotaka, mtoto anarudi anasema "hayupo", na wazee wanamwambia mgeni, "hayupo mwanangu, acha salamu". Wote tunajua yupo. Mgeni anaondoka.

Ukiwa binti ndiyo zaidi. Mwanamume asiye wa ukoo hakuelekezwa kwa binti hata angesema shangazi yupo kitandani. Angepelekwa kwa mjomba wa binti kwanza.

Hatukuita hiyo sheria. Ilikuwa adabu ya kupokea mgeni. Ila nikisoma habari za walinzi wa studio waliomrudisha yule kijana mara mbili, naona ni kazi ile ile tuliyokuwa tunaifanya barazani. Simu imekuja na faida nyingi, lakini imempitisha mgeni nyuma ya baraza. Anafika kitandani kwa mtu kabla hajaulizwa ni mtoto wa nani.

Wewe wakala, kosa lako halikuwa kumjua binti. Ulisahau kumtuma mtoto.

---

Wakala wa Mwanga

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Sina la kuongeza.

---

Msomi wa Sheria

Naomba nichangie upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu kifo cha Rebecca hakikupita bure huko kwao.

Muuaji alikamatwa kesho yake Tucson, akizurura katikati ya magari barabara kuu. Mwendesha mashtaka alikuwa Marcia Clark, yule aliyekuja kujulikana dunia nzima kwenye kesi ya O. J. Simpson, mwanamichezo aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mwaka 1991 akatiwa hatiani, kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka.

Muhimu zaidi ni yaliyofuata. Lile jibu aliloambiwa mama wa binti wa Mwanga, "hajakugusa, tumkamate kwa kosa gani", ndilo walilokuwa wakiambiwa wanawake wa California mpaka hapo. Mwaka 1990 jimbo hilo likatunga sheria inayofanya kumwandama mtu kwa vitisho kuwa kosa lenyewe, bila kusubiri damu. Ilikuwa ya kwanza Marekani, majimbo mengine yakafuata. Polisi wa Los Angeles wakaunda kitengo maalumu cha kushughulikia vitisho vya namna hiyo. Na mwaka 1994 ikapita sheria ya nchi nzima inayozuia idara za leseni za udereva kugawa taarifa za watu ovyo. Lile faili la karani likafungwa.

Kwetu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Namba ya simu ya mteja na mahali anapokaa ni taarifa binafsi. Anayezikusanya kwa kazi moja hana ruhusa ya kuzitoa kwa kazi nyingine. Kwa hiyo daftari la wakala leo lina mwenyewe, na mwenyewe ni mteja. Anayeandamwa mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ujumbe wa kutisha na kusumbua. Kuna pia kosa la udhalilishaji wa kijinsia kwenye Kanuni ya Adhabu. Nenda na ushahidi: usifute meseji, andika tarehe na saa, piga picha kioo cha simu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na usiende peke yako.

Ndugu Wakala, nikuambie na hili. Yule kijana wa Tucson hakuibuni mwenyewe njia ya kutumia mpelelezi. Aliisoma kwenye habari ya mwigizaji mwingine, Theresa Saldana, aliyechomwa visu mwaka 1982 nje ya nyumba yake, akaokolewa na mtu aliyekuwa akipeleka maji mtaani. Aliyemshambulia alipata namba ya mama wa Theresa kupitia mpelelezi, akapiga simu, akajifanya msaidizi wa mwongozaji Martin Scorsese ambaye Theresa alikuwa amefanya naye kazi, akasema anamhitaji haraka kwa kazi nyingine. Mama mzazi akatoa anwani ya mwanawe. Kwa furaha. Aliona riziki ya mwanawe imekuja.

Kama mama alidanganywa, wakala angeponea wapi? Sisemi usijutie. Nasema watu hawa huja na uso wa ndugu, wa kazi, au wa ugonjwa wa shangazi.

---

Boda Gungu

Msomi, hapo kwa mama nimeshindwa.

Nimeongea na wenzangu kijiweni mchana huu, tuko tisa. Tumekubaliana kitu kidogo. Mtu akisema nipeleke kwa fulani, tunamwambia "mpigie akuelekeze". Akimpigia na yule akaelekeza kwa sauti yake, twende. Akisema hana namba, tunamwambia mwenyewe atakupata kijiweni, kaa hapa. Mmoja wetu amebisha, amesema tutapoteza abiria. Labda. Nauli ya Gungu tutaipata kwingine.

---

Binti wa Ujiji

Mungu awabariki nyie tisa. Kweli.

---

Kibirizi Usiku

Mimi ni mtu wa dagaa, mbalamwezi imekuwa kubwa hatujaingia ziwani siku hizi, ndiyo maana nimepata muda wa kusoma uzi wote.

Wakala, umetuambia sisi watu mia tusiokujua. Umeshamwambia yule binti?

---

Reli ya Kati

Swali zuri. Na nakubali, mzee wa Ujiji amenirekebisha.

---

Msomi wa Sheria

Kibirizi, pengine tusimsukume. Kumtafuta binti aliyekimbia ili kumwomba radhi kunaweza kuwa kumwandama kwa mara ya pili. Kama atafanya, afanye kupitia kwa mama, na binti akisema hapana iwe hapana.

---

Wakala wa Mwanga

Samahanini wakuu, nilikaa kimya siku tatu.

Kibirizi, sikuwa nimemwambia. Miaka yote hii mama yake anapita hapa kibandani, tunasalimiana, ananunua umeme, na mimi nashindwa. Mwaka wa kwanza nilijiambia ngoja hali itulie. Ilipotulia nikajiambia nisiwakumbushe.

Juzi jioni alipita. Nikafunga dirisha la kibanda nikatoka nje, nikamwambia, "Mama, nina neno." Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie, mpaka kwenye vocha ya elfu tano. Alikuwa ameshika ndoo ya mawese, hakuiweka chini muda wote. Nilipomaliza akasema atampelekea salamu, na kama mwanawe atataka, atanipigia yeye. Sikumwomba namba.

Nilijua hatapiga. Nilikaa na simu mkononi, usiku ukapita, mchana ukapita.

Jana saa mbili usiku ikaita, namba ngeni. Sauti ikasema, "Shikamoo mjomba." Niliitambua. Ana watoto wawili sasa.

Nikaanza, "Mwanangu, ile namba yako..." Akanikatiza. "Nilijua, mjomba. Aliniambia mwenyewe siku ya pili. Alijisifu, akasema hata wakala wako ananijua. Ndiyo maana sikuja tena kutolea hela kwako."

Wakuu, mimi wakati ule niliona tu amepotea kwenye wateja. Nilidhani amepata wakala wa karibu zaidi na kwao.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi, nimeyaandika hata kwenye karatasi. Nikayasema yote hovyohovyo, bila mpangilio. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Aliniuliza kama fundi wa vitenge bado yuko pale sokoni, na kama ile picha yake bado imebandikwa mlangoni.

Bado ipo. Jua limeifuta sura, kitenge ndicho kinachoonekana, kile cha manjano chenye ndege.

Akasema anaitaka. Fundi ameibandua leo asubuhi kwa kisu, taratibu, kona moja imechanika kidogo. Nimeiweka kwenye bahasha ngumu, nimempa mama yake mkononi.